Mchwa wa Kwihara

Ta! Usiku wa kuamkia leo nilisikia komeo la sanduku la bati likifunguka, mara moja tu, kisha kimya. Sikuuliza ni nani. Nilijua ni wewe Festo, na nilijua umetoa nini: daftari la maneno, unalotaka kulipeleka Tabora mjini leo likachapwe kitabu, na juu ya jalada pawekwe jina langu mimi baba yako, Mwalimu Alois. Kaa chini kwanza, mwanangu. Nawe Imakulata, acha hiyo sufuria, njoo hapa miguuni pangu, maana pumzi niliyo nayo inatosha kulisema jambo hili mara moja, wala sitaweza kulirudia.

Mali haina maneno mengi. Nyumba hii ya Kwihara na shamba la mihogo ni vya Imakulata, aliyerudi kuniuguza. Mizinga kumi na minne iliyoko porini upande wa Igalula ni ya Festo. Msigombane; vyote ni vidogo.

Lililo zito ni daftari.

Vijana wamelinakili kwa mkono mwaka baada ya mwaka, likafika Urambo, likafika Nzega. Walipenda kusikia kwamba maneno ya Kiingereza yanayowatisha yana wazee wao Ugiriki ya kale, na kwamba Mwingereza naye aliyapokea mikononi mwa wengine. Nilipowaambia 'school' ilianzia kwenye neno la Kigiriki la wakati wa mapumziko, Revocatus wa kidato cha pili alisimama: "Basi mwalimu, turuhusu tukapumzike!" Darasa likavunjika kwa kicheko. 'Planet' ni mzururaji. 'Clinic' imetoka kwenye kitanda. Na hii karatasi yetu na 'card' ya Mwingereza ni ndugu wa tumbo moja, mama yao ni khartes wa Wagiriki: mmoja alipita kwa Waarabu akaingia hapa Unyanyembe pamoja na misafara ya pembe, mwingine akapita kwa Warumi na Wafaransa, akatufikia baadaye sana, ofisini kwa Mwingereza.

Kwa maneno hayo niliheshimiwa. Sasa fungua herufi B, Festo, utazame 'butter'. Kwa Kigiriki bous ni ng'ombe, tyros ni jibini, vikiungana ndiyo siagi. Chini yake pameandikwa: "Kama mama anavyotikisa kibuyu cha maziwa kabla jua halijachomoza." Kila aliyenakili daftari aliinakili na sentensi hiyo, na hakuna aliyeuliza. Hata ninyi hamkuuliza, ingawa bibi yenu mlimfahamu: alikuwa fundi cherehani mjini, hakumiliki ng'ombe hata siku moja, na harufu ya maziwa ilimtapisha.

Mama huyo si mama yangu.

Daftari liliandikwa na mwenzangu wa dawati seminarini, kijana wa wafugaji wa Igunga. Padre alitufundisha Kigiriki. Mimi nilijifunza nifaulu mtihani, yeye alijifunza kama anayefuata nyayo za ndama aliyepotea, ameinama, hana haraka, mpaka afike zizi alikotoka. Baba yake alipofariki, aliitwa nyumbani kuchunga. "Nitunzie, Alois," akaniambia, "nikitulia nitalifuata." Nami nikawa mwalimu, nikalisoma darasani, na siku moja mtu akauliza, "Ni lako, mwalimu?" Nikajibu ndiyo.

Alilifuata. Miaka tisa baadaye alikuja kwa baiskeli kutoka Igunga, siku mbili njiani, na galoni ya samli kwa ajili ya mama yenu. Kiti cha ziada hatukuwa nacho, nikamkalisha juu ya sanduku la bati. Alikula ugali, kisha akauliza. Nikamwambia daftari limeliwa na mchwa. Alikuwa amelikalia. Alinitazama, akacheka kidogo: "Mchwa wa Kwihara! Basi hao wamesoma kuliko sisi." Akanawa, akaaga. Nilisikia kwamba njiani alilala Nzega kwa mwalimu kijana, akaikuta nakala mezani, akaiona sentensi ya mama yake. Aliyenisimulia anasema aliisoma, akairudisha mezani, akaomba maji ya kunywa.

Badala ya kuona aibu nikamchukia. Niliwaambia alitutakia mabaya, na jina lake lisitajwe humu ndani. Mpaka leo, Festo, ukikutana na mwanawe mnadani unageuza uso. Amekukosea nini? Herufi H ina 'hypocrite', mnafiki, ambaye kwa Wagiriki alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Ukurasa ule niliufundisha harakaharaka kila mwaka.

Unasema watu watatucheka. Watacheka, kisha watakwenda kulima.

Nipe maji, Imakulata... Basi. Kitabu kisichapwe leo. Mzee yule yu hai, ila macho yake yamefifia. Nendeni kwake Igunga wote wawili, msilitume kwa basi. Mwamkieni, mumpe mkononi, mwambieni mchwa hawakuwapo. Msomeeni herufi B. Akitaka lichapwe, lichapwe kwa jina lake. Akitaka kulichoma, mpeni kiberiti. Mimi kwenye msalaba wangu andikeni 'mwalimu', inatosha. Kufundisha nilifundisha kweli.

Mungu awape watu watakaowaamini na kuwakabidhi vitu vyao... nanyi awape mikono ya kuvirudisha.

Pumzi inakata. Mmenisikia, tangu nianze ninalikwepa jina lake, ulimi umezoea kulizunguka. Imakulata... ulikuwa na miaka sita. Tunakula, ukauliza mgeni wa samli atarudi lini, ukamtaja kwa jina. Nikakupiga kofi. Hukulitaja tena. Shika kalamu sasa, ufute langu nililoliandika hapo juu ya jalada la daftari, uandike lake. Lakini kwanza litaje, mama. Kwa sauti. Nilisikie.

"Sixbert Sayi."