Pishi Yenye Vitako Viwili

Kijiwe chetu ni benchi moja lililoegemea ukuta wa kinyozi, kando ya ninapozibia pancha. Asubuhi ile tulikuwa watatu na birika la kahawa: mimi; Kipaza, yaani kinyozi mwenyewe, ambaye ukimpa siri umeitangaza; na Gia Nne, dereva mstaafu wa lori, anayeongea kama anapanda mlima. Mara akatokea fundi cherehani wa jirani, tunayemwita Dada Sindano, nyundo mkono mmoja, mwingine amekumbatia pishi, kile chombo cha mti cha kupimia nafaka cha zamani.

— Leo naivunja, na nyinyi ni mashahidi.

— Salamu kwanza, mwanangu, akalalamika Gia Nne.

— Shikamoo, baba. Naivunja.

Akakaa, akatusimulia. Babu mzaa babu yake aliuza nafaka. Mwaka wa njaa kuu, watu walipokula mizizi, aliipachika pishi kitako cha pili kwa ndani. Ukiitazama imejaa, ukifika nyumbani umepunjwa.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Kipaza. Mzee alifuata methali tu!

— Mjane mmoja, akaendelea Dada Sindano, akarudi na mtama wake, akaupima kwa viganja mbele ya watu. Babu akamcheka. Yule mama akaweka mkono juu ya pishi, akasema: "Ulichotupunja kikae humu. Nawe na wako mpungue, mpaka kirudi kwa wenyewe."

— Wakapungua? nikauliza.

— Babu alianza kupwaya viatu. Kisha nguo zikamburura. Siku ya mazishi walimbeba kwenye kapu la sokoni, mtu mzima na ndevu zake. Mwanawe vilevile.

Kahawa ikanipalia.

— Minyoo hiyo, akasema Kipaza.

— Minyoo gani inakula mifupa? akafoka Gia Nne. Mti wa pishi hiyo ulikatwa makaburini. Unavuta watu chini, kidogo kidogo.

— Basi nikwambie ukweli, akadakia Kipaza. Ulikuwa mpango wa wakubwa wa enzi zile! Njaa imeingia, wakaona bora watu wawe wafupi, wale kidogo!

— Mwenda pole hajikwai, akaitikia Gia Nne, na hakuna aliyejua kwa nini.

Dada Sindano hakucheka.

— Kaka yangu ameitoa stoo, anataka kumuuzia mtu wa vitu vya kale. Nikimwambia aiache, ananiambia nina wivu. Tangu aiweke chumbani kwake nimemkunjia suruali mara tatu. Jana nimempima kwa futi yangu ya kamba: analingana na mwanangu wa darasa la nne. Huyo kaka nimemlea mwenyewe tangu mdogo, mama alipotutoka. Simziki kwenye kapu.

Akaigeuza pishi, akapiga. Nyundo ikadunda. Akapiga tena, jasho likimtiririka. Gia Nne akamsihi aache, asije akaudhi wasioonekana.

— Waudhike. Na mimi nimeudhika.

Pigo lililofuata likapasua. Kitako cha ndani kikaanguka, na nyuma yake ukamwagika mtama, mweupe, mkavu, unanukia kama wa mavuno ya juzi. Ukamwagika ukajaza sinia la kahawa. Ukafunika miguu yetu. Pishi ile ungeibeba kwapani, lakini mtama haukukatika.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame! akapiga kelele Kipaza, na kweli akainama, anakinga kwa shuka la kunyolea. Gia Nne alivua koti. Mimi nilishamwaga maji ya pancha, nimekumbatia karai, namsukuma mzee wa watu kwa kiwiko.

Mama mmoja mgeni, aliyekuja kujaza baiskeli upepo, alikuwa amesimama anatutazama.

— Samahani, akauliza. Huu mtama ni wa nani?

Kipaza akaacha kukinga. Gia Nne akatazama koti lake. Mimi karai likawa zito ghafla.

Dada Sindano alikuja kwangu kwanza. Akalichukua karai, akalimimina kwenye gunia. Akachukua shuka. Akachukua koti, akalikung'uta mpaka mfukoni. Kisha akaita kuelekea nyumba yao, sauti haitetemeki:

— Kaka! Njoo ubebe. Tunaanza mlango wa kwanza mtaa huu, tunauliza nani bibi yake alipunjwa. Na tukimaliza mtaa, kuna mtaa mwingine.