Akiingia Ukumbini, Msimsalimie Kwanza

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Birika anastaafu baada ya kutuhudumia chai kwa miaka thelathini na moja katika ofisi hii ya maji. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine tukilisikia likiitwa tunageuka kumtafuta mwenyewe ni nani. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu masjala yangu imepakana na jiko lake, na kwa sababu, kama alivyosema meneja, mimi nina maneno mengi. Haya, someni. Ila hakikisheni mmefika mwisho kabla mlango haujafunguliwa, maana huko mbele mna kazi ya kufanya.

Alipoajiriwa, ofisi ilikuwa na vyumba vinne na bomba moja, nalo, aibu yetu sisi watu wa maji, lilikuwa linavuja. Chai ilichemshwa kwenye jiko la mafuta ya taa nyuma ya ghala la mita. Tukaongezeka, tukapata ghorofa, tukapata meneja wa hiki na meneja wa kile, na yeye akaongezewa vikombe tu. Hajawahi kuuliza mtu mara mbili anakunywa nini. Wasoma mita wanataka isiyo na maziwa, yenye tangawizi ya kukwangua koo. Mhandisi mkuu amekatazwa sukari na daktari, na kila siku anajaribu bahati yake. Wa dawati la malalamiko wanapelekewa mapema kuliko wote, kwa sababu wateja wakishaanza kupiga meza hakuna anayeweza kumeza kitu.

Wageni wa ofisi walimfahamu kwa sauti kabla ya kumwona. Sinia mkono wa kushoto, birika mkono wa kulia, na mdomo haupumziki. Korido yetu ni ndefu, na aliimaliza yote akisalimia huku na huku, akiuliza mtoto wa huyu amepona, mkwe wa yule amefika salama, na miguu haikupunguza mwendo hata kidogo. Mtakumbuka ile siku umeme ulipokatika katikati ya kikao. Aliingia gizani na sinia lake, akamwekea kila mtu kikombe mbele yake, na taa ziliporudi kila mmoja alikuwa na chake. Isipokuwa mhandisi mkuu, ambaye tayari alikuwa amebadilishana na jirani yake mwenye chai ya sukari.

Asubuhi moja mwezi wa pili tukasikia sinia likianguka. Masjala tulicheka, tukasema leo naye kavunja, tutamtania mpaka jioni. Halafu hatukusikia akilaani vipande, na kicheko kikatuishia. Tulimkuta amekaa sakafuni ameegemea kabati, mdomo umevutwa upande mmoja, na mkono wa kushoto umelala ndani ya chai ya moto bila yeye kuhisi. Kilikuwa kiharusi. Wasoma mita walimwahisha hospitali kwa gari lao la kazi, na nashukuru kwamba siku hiyo hakuna aliyekaa kujadili nani apewe ruhusa ya kutoka.

Maneno yalirudi mapema, na tulijua yamerudi alipoanza kuisema vibaya chai ya wodini. Tukajaza chupa, tukaenda kumwona. Pale kando ya kitanda, kikombe kiko mkononi, tukaanza kutazamana. Hakuna hata mmoja aliyejua yeye anakunywaje. Miaka yote hiyo ametumiminia, na hakuna aliyewahi kummiminia. Mumewe, mzee wake, ndiye aliyetuokoa: maziwa mengi, sukari kijiko kimoja, na iwe imepoa kidogo. Alizoea hivyo, akasema, kwa sababu kazini alikuwa anakunywa wa mwisho. Nilitoka nje ya wodi nikajifanya napokea simu.

Mdomo ulipona, lakini mguu wa kushoto ulikuwa na mambo yake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mwenye msimamo, alimwanzisha na kukaa tu: ukingoni mwa kitanda, miguu chini, asiegemee upande. Mama aliona ni mchezo wa watoto mpaka alipojikuta anainama kushoto kama mzigo uliofungwa vibaya, na yeye mwenyewe anaapa amenyooka. Baadaye kusimama, amekamata reli. Baadaye kuuachia mguu mbovu uzito, jambo alilolikataa kabisa. Alimwambia mtaalamu kwamba mguu uko pale anauona, ila wamekosana, na yeye hawezi kumkabidhi mwili wake mtu ambaye hawasemeshani naye. Mtaalamu akamjibu kwamba hawatapatana, yeye na mguu, mpaka amkabidhi. Walibishana hivyo asubuhi nyingi, na kila asubuhi uzito uliongezeka kidogo.

Nyumbani aliangukia mikononi mwa mzee wake, dereva mstaafu wa malori. Mtaalamu alimfundisha asimame upande dhaifu, ashike mkanda wa kiunoni, na asimvute mkono hata kama roho inamtuma. Hayo aliyashika vizuri. Kilichomshinda ni kunyamaza. Alimwongoza mkewe kama anaegesha lori lenye tela: nyoosha, nyoosha, kata kulia taratibu, tazama nyuma, simama hapo hapo. Mama alituambia kwamba amevumilia ndoa ndefu bila kupewa maelekezo ya barabarani, na sasa hata kwenda chooni anapigiwa honi. Lakini ukimwona anavyomtazama huyo mzee akipinda mgongo kumvalisha kiatu, utajua kwa nini alitaka kupona.

Kanuni zilimruhusu astaafu pale pale kwa sababu za afya. Meneja, kwa wema wake, alipendekeza tumpelekee cheti na keki nyumbani, au tumlete hapa kwa kiti cha magurudumu. Mama Birika alikataa yote mawili. Alisema mlango wa ofisi hii aliuingia kwa miguu yake, na hataki kuagwa kama kifurushi. Siku ya kuagwa ataingia ukumbini akitembea, bila kushikwa, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake. Hilo ndilo alilolitaka, na tangu hapo hakuzungumza la zawadi wala la hotuba.

Nyumba yao ni ndogo, hatua chache umegonga kabati. Mtaalamu akaomba tumwazime korido yetu, kila Jumatano baada ya wateja kuondoka. Mara ya kwanza, mwezi wa Mei, alipoingia na fimbo yake ya miguu minne, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikikwaruza sakafu, sisi tulichungulia milangoni na hakuna aliyejua aweke wapi uso wake. Alikuwa anaendelea vizuri. Ndipo mhasibu wetu, binti mwenye adabu zake, alipotoka ofisini kwake, akamwona kwa nyuma, na furaha ikamzidi. Akampa shikamoo.

Mama Birika hajawahi katika maisha yake kuiacha shikamoo ikining'inia. Kichwa kikageuka, mwili ukafuata, mguu wa kushoto ukabaki pale pale ukingoja amri, na marahaba ikamtoka akiwa tayari yuko njiani kwenda sakafuni. Mtaalamu aliuwahi mkanda, kwa hiyo alishuka badala ya kudondoka. Aliumia nyonga kidogo. Mhasibu alilia kuliko yeye.

Mtaalamu alitukusanya akatueleza. Sisi tunatembea bila kufikiri, ndiyo maana tunaweza kutembea huku tunasengenyana. Mama kwa sasa anatembea kwa kufikiri: inua, peleka, kanyaga, egemea. Ukimsalimia, akili inaenda kwenye salamu na mguu unabaki hauna msimamizi. Kwa hiyo tulimwangusha kwa heshima. Nimekaa ofisi hii miaka mingi na sijasikia kosa kama hilo.

Nyonga ilipoa upesi, hofu haikupoa. Jumatano iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Mzee wake alisema amerudi kushika kuta, na akifika mahali ambapo ukuta umekatika anasimama anatetemeka, anaomba kiti. Siku moja Mama alimwambia labda cheti kiletwe tu nyumbani. Mzee alisema sauti aliyoitumia ndiyo iliyomuumiza. Sisi tulipoambiwa, chai ya siku hiyo haikumalizika, na si kwa sababu niliichemsha mimi.

Mhasibu ndiye aliyekwenda kumwomba arudi. Alimwahidi kwamba kuanzia mlango wa nje hadi atakaporudi garini, hakuna kiumbe kitakachomsalimia. Alirudi. Nasi tulitekeleza ahadi kwa namna yetu ya kijinga: tuliposikia fimbo inagonga, milango yote ilifungwa. Kupishana na mama mtu mzima bila kumpa shikamoo hakuna aliyeweza, basi bora usionekane. Mhandisi mkuu, na umbo lile, alijibanza nyuma ya kabati la mafaili. Mama aliifikia korido tupu, akasimama, akamuuliza mtaalamu kama amegeuka simba.

Basi tukapatana upya, na masharti aliyaweka yeye. Tusikimbie, tusiseme. Tusimame ukutani tumtazame tu, kwa sababu alisema korido bila watu haifahamu. Na kweli tulisimama, kila Jumatano, meneja mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa, wasoma mita na kofia mikononi. Yeye alipita katikati yetu macho mbele, midomo ikihesabu. Tulimwona kidole gumba kikiacha kukwaruza. Tulimwona akifunzwa kugeuka, hatua ndogo ndogo, bila kutupa kichwa. Tulimwona akiiacha fimbo ukutani, kwanza kwa hatua chache, baadaye korido nzima. Siku hiyo nililia waziwazi, na hakuna aliyenitania. Yeye alitoka hivyo hivyo hadi garini, amechoka, hakumtazama mtu.

Sasa wenzangu, hii ndiyo kazi niliyosema mnayo. Ukumbi huu hauna ukuta wa kushika. Ameujaribu mara moja ukiwa mtupu, na katikati alisimama akaomba kiti. Mtaalamu anasema leo ataweza. Mzee wake anasema ataweza, halafu anatoka nje kupunga hewa. Njia kutoka mlangoni hadi kiti chake tumeiacha wazi, naomba mtu asiweke mkoba hapo. Mlango ukifunguliwa, kaeni. Msisimame, msipige makofi, maana makofi yanashtua kuliko salamu. Mtaalamu atatembea upande wa kushoto, bila kumshika. Akisimama katikati, mwacheni asimame. Kusimama bila kushika kitu ni kazi, na ameisomea. Simu zizimwe, na yeyote ambaye yake italia wakati huo, ajue ndiye atakayechemsha chai ya ofisi hii mpaka naye astaafu.

Tunamshukuru mzee wake kwa mgongo wake na hata kwa honi zake, mtaalamu kwa uvumilivu, na mhasibu, ambaye tangu Mei hajamsalimia mtu yeyote kwa nyuma.

Na wewe Mama Birika, nakala yako tumeiweka kwenye meza ndogo kando ya kiti, mahali ambapo mkono haufiki mpaka mtu awe amekaa. Kusoma huku unatembea umekatazwa. Kwa hiyo kama macho yako yako kwenye mstari huu, umefika, mama. Umefika kwa miguu yako. Tulia, vuta pumzi, usiinue kichwa bado. Hapo pembeni kuna kikombe: maziwa mengi, sukari kijiko kimoja, na tulikimimina mapema makusudi ili kipoe. Leo unakunywa wa kwanza. Asante kwa yote uliyotumiminia. Uende ukaishi vizuri na mzee wako, siku nyingi, mkipatana nyinyi wawili, na huo mguu uwe wa tatu wenu.

Sasa inua kichwa taratibu. Sote tumesimama, na hili tumelishikilia rohoni tangu Mei.

Shikamoo, Mama.