Ng'ombe Wanane Wasiodaiwa

Benchi lilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya duka la ushirika pale Ngara mjini, duka ambalo mwaka ule wa 1979 kufuli yake ilikuwa kubwa kuliko bidhaa zake. Kila asubuhi ukungu ulipopanda kutoka mabondeni uliwakuta watatu wamekwisha kuketi: Anatoli, aliyeitwa Grida kwa kuwa aliendesha mtambo wa kusawazisha barabara miaka ishirini na minne hadi akastaafu, Leonidas, aliyeitwa Redio kwa kuwa redio yake haikuwa na betri, basi taarifa alizitoa yeye, na Idefonsi, aliyeitwa Methali, ambaye hakukosa methali ya jambo lolote, ila mara nyingi ilikuwa ya jambo jingine. Rozalia, mjane, aliwamiminia kahawa isiyo na kitu. Sukari, alisema, ilikwenda vitani. Vijana wanarudi, yenyewe bado.

Asubuhi hiyo, kwa siku ya tatu mfululizo, Anatoli alitoa barua ya ubalozi kwenye koti lake.

— Isome tena, Redio.

Leonidas alikohoa kama mtangazaji.

— "Mwombaji anayehama kwenda kuoa aonyeshe kwamba anaweza kujitunza. Fedha zisipungue shilingi elfu kumi na mbili, ziwe benki kabla ya mwisho wa mwezi." Mwisho wa taarifa.

— Na benki unazo ngapi? aliuliza Idefonsi, ingawa alijua.

— Elfu mbili. Kiinua mgongo changu chote.

Anatoli aliikunja barua. Katika mfuko wa pili, ule wa upande wa moyo, ilikuwamo barua nyingine ambayo hakuhitaji kusomewa. Véronique, mkimbizi kutoka Rwanda, alikuwa muuguzi wa hospitali ya misheni. Ndiye aliyemshona mguu siku mtambo ulipopinduka, na ndiye aliyemkemea alipolia. Masista walipomchukua kwenda kufanya kazi Ulaya, alimwandikia kila mwezi, miaka sita. Barua ya mwisho ilikuwa fupi: "Njoo, Anatoli. Nimechoka kula peke yangu." Anatoli naye alikuwa na miaka hamsini na saba, alikwisha kumzika mkewe, na sufuria yake ilikuwa ndogo kuliko kofia.

— Lakini wewe si maskini, alisema Leonidas. Una ng'ombe kumi! Mnadani kila mmoja ni elfu moja. Ongeza zile mbili za benki, kumi na mbili hiyo hapo.

— Zizini nina wawili.

— Na wanane uliowagabira marafiki, uliowapa kwa ajili ya urafiki, si wako? Mwenyekiti wa kijiji akuandikie barua.

— Daftari la mwenyekiti linasema wawili. Walipokuja kuhesabu mifugo niliulizwa, "Zizini kuna wangapi?" Nikasema wawili. Nani wakati ule alitaka kuitwa bepari?

— Hapo ndipo ulipoteleza! Idefonsi alipiga goti. Kijijini uliapa u maskini, ubalozini unataka kuapa u tajiri. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hiyo ng'ombe lazima wawepo! Wapakie treni kule Mwanza, uwafunge mlangoni kwa balozi. Akitoka kunywa chai, anahesabu mwenyewe.

— Dar es Salaam watakula nini, lami? alisema Rozalia.

— Basi picha, alisema Leonidas. Mpigapicha wa misheni yupo. Chukua wale wawili wa zizini, wapige wakitazama mashariki. Halafu wakitazama magharibi. Halafu wapake majivu, wapige tena. Kwa mizunguko mitano una ng'ombe kumi.

— Na pembe? Balozi hataona pembe ni zile zile?

— Balozi anajua pembe, Methali? Mchumia juani hulia kivulini. Yeye yuko kivulini, jua la ng'ombe atalijulia wapi?

— Unaniibia methali, na unaiharibu!

— Haba na haba hujaza kibaba, aliendelea Leonidas, amekwisha kunogewa. Au usionyeshe ng'ombe kabisa. Nenda umevaa magwanda. Sema umetoka Uganda kupigana. Mshindi haulizwi salio la benki!

— Aliyetoka Uganda ameulizwa hata viatu, ilisema sauti nyuma yao. Shikamooni, wazee.

— Marahaba, waliitikia pamoja, wakageuka.

Alikuwa kijana wa mgambo, begani ana mfuko wa turubai, buti la kushoto limefungwa kamba. Alijitaja kuwa Matiasi, mtu wa Nyamigogo, anasubiri lori la Biharamulo. Rozalia alimpa kikombe na hakutaka senti. Kijana aliketi pembeni, akanywa, akasikiliza mizunguko miwili zaidi ya hekima, mmoja ukimhusu balozi kunyweshwa maziwa mgando mpaka akubali. Kisha akauliza, kwa adabu:

— Samahanini. Hao ng'ombe wanane wako kwa nani?

Anatoli alitazama buti la kijana. Watano walikuwa mbali, vijiji vya Lukole na kwingine, na waliopewa wangefuata watakavyofanya wa benchini. Lakini mmoja alikuwa kwa Idefonsi, alimpa mwaka ule wa njaa. Mmoja kwa Leonidas, alimpa alipopata mtoto wa kiume. Na mmoja, mwekundu mwenye baka jeupe, kwa Rozalia, alimpa juma la matanga ya mumewe. Kwa desturi yao ng'ombe wa kugabira hadaiwi. Anayedai anatangaza kwamba urafiki umekufa, na majirani watasikia. Ndiyo maana siku tatu alikuwa amesomesha barua, akanyamaza, akangoja.

Leonidas alizungusha kitufe cha redio isiyo na betri. Idefonsi alichungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Kijana aliwatazama mmoja mmoja, akadhani amekosa.

— Nimeuliza vibaya?

Rozalia aliinamisha birika juu ya kikombe cha Anatoli. Likatoa matone mawili na machicha.

— Wangu ndama wake hajaacha kunyonya, alisema, bado ameinama. Nitawaleta wote wawili. Jumamosi, mnadani.

— Sikukudai, Rozalia.

— Nimesikia kwamba hukunidai. Ungenidai, ningekunyima.

— Na maziwa ya nyumbani kwako?

— Nitakunywa hii kahawa chungu kama ninyi. Mwambie huyo mama wa Ulaya asiongeze chumvi. Wewe hupendi chumvi.

Anatoli alitaka kusema asante, lakini asante ni neno refu. Lori lilipiga honi barabarani. Matiasi alirudisha kikombe kwa mikono miwili, akaondoka akichechemea kwenye vumbi.

Ukungu ulikuwa umekwisha. Birika lilikuwa tupu, na kwa kawaida birika likiisha watu huinuka. Hakuinuka mtu.

— Methali, alisema Leonidas hatimaye, akiiambia redio yake. Mtu akitoka kwangu na ng'ombe, amfikishe mnadani kabla ya jua kali, inabidi aondoke saa ngapi?

— Sijui, alisema Idefonsi. Tuondoke pamoja.