Faharasa za Mzee Habib

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Habib Sibomana anastaafu, baada ya miaka ishirini na mbili katika ghala letu la mizigo hapa Gisenyi. Sisi tulioketi naye chumba kimoja tumeombwa tumsifu. Tutajitahidi.

Alianza akiwa mpokea mizigo. Tulipojenga mfumo wetu wa tovuti wa kuandikisha mizigo, alijifunza kuandika programu, akaijua kazi hiyo vizuri, na hapo taabu yetu ikaanza. Faharasa ni alama inayoandikwa katika modeli, yaani faili linaloeleza kila mzigo unavyohifadhiwa, ili kompyuta ijue pa kutafuta bila kupekua mizigo yote. Ukiiweka panapostahili, ni neema. Mzee Habib aliiweka kila mahali: jina la dereva, rangi ya gunia, hata mlango ulioingiza mzigo, na ghala lina mlango mmoja! Mteja akinung'unika leo, kesho faharasa mpya imezaliwa. Mama Drocella, muuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, hakumbuki namba ya mzigo wake hata siku moja. Anachojua ni kitambaa cha njano anachofungia beseni. Basi tukapata faharasa ya vitambaa.

Tulimweleza mpaka tukachoka kwamba kila mzigo ukiandikishwa, alama zote hizo huandikwa pia. Kutafuta kulikuwa haraka, kupokea kukawa mateso. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Bon, faharasa haijaua mutu." Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwezi uliopita foleni ya asubuhi ilifika barabarani. Sambaza wabichi hawangoji jua, na wachuuzi walikuwa tayari kuhamia ghala lingine. Bila wao tungefunga. Mama Drocella akapiga kelele dirishani: "Muzee Habib, samaki yangu iko inaoza sababu ya mashine yako!"

Kumbe dawa ilikuwa hiyo. Mzee Habib aliketi akafuta faharasa zake mwenyewe, moja moja, akiguna kama anayeuza ng'ombe. Foleni ikaisha kabla ya adhuhuri, na wachuuzi wakabaki.

Lakini aliiacha ile ya vitambaa. Tulikasirika sana, maana ni ya mtu mmoja tu. "Na huyo mumoja atakumbuka namba lini?" akauliza, akaenda kuswali.

Sasa faili la modeli nimekabidhiwa mimi. Nimeufikia mstari ule wa vitambaa mara kadhaa nikitaka kuufuta. Jana Mama Drocella alikuja, akasema "njano", beseni lake likapatikana, akauliza Muzee anaondoka lini. Nikafunga faili.

Mzee Habib, asante kwa yote, hata kwa kutuchosha. Mungu akujalie afya na raha nyumbani. Faharasa yako iko palepale. Ukija kutusalimia, usiongeze nyingine.