Gaster Mafabi, Aliyezuia Usafirishaji wa Sukari

Ndugu waombolezaji, mimi ni Eriya, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, tena nisome kwa upole; kusoma nitasoma.

Kaka yetu Gaster Mafabi alizaliwa Wanale tarehe 9 Machi 1944, akasoma Mbale hadi kidato cha nne, akajifunza ufundi wa maabara, na tarehe 2 Januari 1968 akaajiriwa katika maabara ya kupima dawa mjini Jinja. Kazi yake ilikuwa kuchukua utumbo wa panya, kuugeuza ndani iwe nje kama soksi, kuutumbukiza katika maji ya sukari yenye dawa inayojaribiwa, kisha kupima kama dawa hiyo inavizuia vibebaji vya kwenye utando wa utumbo visivushe sukari, kwa matumaini ya kuwafaa wenye kisukari.

Tarehe 15 Agosti 1970 alimwoa Proscovia Namukose, akiwa ananuka panya, kama shemeji mwenyewe anavyosimulia, wakajaliwa pacha, Babirye na Nakato.

Novemba 1978, vita vimeanza na sukari imeadimika hata kwa wanaolima miwa, askari waliingia maabara, wakakuta ripoti yake ya Kiingereza, wakamtaka mwenzake, Bwana Mugweri, awatafsirie kichwa cha ripoti, naye akawasomea, “Kuzuia Usafirishaji wa Sukari,” akaishia hapo, bila kutaja utumbo wala panya. Afande akauliza, “Wewe nazuia sukari ya serikali, lori ngapi?” Kaka akajibu, “Ya panya, afande,” akaongezewa kosa la dharau.

Alikaa gerezani hadi Aprili 1979, vita vilipofika Jinja na walinzi wakakimbia, akarudi kazini akamkuta Bwana Mugweri kwenye kiti chake, na ofisi ikamweleza kwamba jalada lake linamtaja mhujumu uchumi, nalo litafungwa kwa barua ya waliomkamata, ambao walikuwa wametoroka nchi bila kuacha anwani. Mwaka 1988, nchi ikijengwa upya, ofisi ililegeza kamba, ikasema yatosha mtafsiri aandike kwamba sukari ile ilikuwa ya kwenye utumbo. Kila mwaka Bwana Mugweri alijibu kwamba ana kazi nyingi. Kaka akafundisha biolojia Mbale, wanafunzi wakimwita Mwalimu Lori.

Aliugua moyo, akalazwa tarehe 3 Juni 2006, akafariki tarehe 11 asubuhi, jalada halijafungwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Wanale walioleta kuni na matoke, na walimu wenzake. Bwana Mugweri hatumshukuru. Yuko safu ya pili, ameleta shada kubwa, na ameomba dakika tano za kumsifu marehemu. Mzee, dakika hizo tumekupa, ila ni za kuandika. Karatasi na kalamu viko kwa shemeji Proscovia, mvua bado, na mchungaji amekubali kungoja.

Kaka, wewe tangulia ukapumzike kwa amani. Huyu tuachie sisi.