Nililiachia Gari Macho Yangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Naomba mniitikie kwa nguvu kidogo, maana leo nimesimama hapa mbele na jambo zito. Asifiwe tena! Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, nanyi watoto mliokaa kwenye mkeka, nawasalimu kwa jina la Yesu.

Mnanifahamu. Mimi ni Festo, yule wa duka la betri na sola hapa Ngara. Mtu wa maneno mengi, nakubali. Mtu wa mashine. Kitu chochote kikiwa na kitufe, mimi lazima nikibonyeze. Mke wangu Kabula husema siku nikifa nizikwe na chaja yangu, nisije nikarudi kuiulizia.

Leo tumemleta mtoto wetu Shukuru madhabahuni, mchungaji amemwombea, akina mama mmepiga vigelegele. Asanteni sana. Lakini nilipokuwa nimesimama hapa na yule mtoto mikononi, nilisikia moyo unanichoma. Nikamwomba mchungaji dakika chache. Nikirudi kukaa bila kusema haya, nitakufa nayo.

Ndugu zangu, mimi na Kabula tulikaa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa! Wengine wenu mlikesha nasi katika maombi. Wengine, Mungu awasamehe, mlinishauri nioe mwingine. Mwaka wa kumi akaja Shukuru. Nilipompakata mara ya kwanza niliogopa hata kupumua, nisije nikampulizia baridi.

Sasa miezi michache kabla hajazaliwa nilikuwa nimenunua gari Mwanza, la mtumba, kutoka Japani. Aliyeniuzia alinionyesha kitufe kwenye usukani. Akasema hiki kinaitwa kruzi. Unaliambia gari mwendo unaoutaka, unaondoa mguu, linakwenda lenyewe. Likikuta gari jingine mbele linapunguza lenyewe. Yule wa mbele akiondoka, linaongeza lenyewe. Jamani! Nilibaki mdomo wazi. Maandishi yote kwenye dashibodi yalikuwa ya Kijapani, na kitabu cha maelekezo nacho cha Kijapani. Nilikisukumia chini ya kiti, nikasema mashine haina haja ya kitabu, mashine inaeleweka kwa kuguswa.

Kulikuwa na vijistari vitatu vya kuchagua umbali wa kumfuata aliye mbele. Vitatu ni mbali, kimoja ni karibu. Mimi nikaweka kimoja, kwa sababu nikiacha nafasi kubwa bodaboda wananiingilia na watu wataniona mshamba. Nikawa natamba mji mzima. Mtu akipanda gari langu akashika dashibodi kwa woga, namwambia, "Tulia ndugu, gari linaona." Ndiyo ilikuwa kauli yangu hiyo. Gari linaona!

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe wangu alikuja kutoka Nyamigogo, kule Biharamulo, kumlea mzazi. Mnajua Kabula ni Msukuma, wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Na katika ukoo wao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawaitani majina. Hawagusani hata mkono. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Kabula, "Mwambie mwenzako." Nami nikitaka kujibu namwambia Kabula, "Mwambie mama." Hata kama tuko chumba kimoja na wote tumesikia, tunasubiri Kabula avushe maneno. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi niliipenda, kwa sababu mama yule alinipa binti yake nikiwa sina kitu.

Miezi miwili ikaisha, ikabidi tumrudishe kwake. Mwanzo alikataa kupanda gari nikiendesha mimi. Alikubali kwa ajili ya mtoto, ili babu yake amwone. Akakaa nyuma yangu kabisa, khanga hadi kichwani, na Kabula pembeni yake akiwa na mtoto. Na mimi, ndugu zangu, ili nisije nikakutana naye macho kwenye kile kioo cha ndani, nilikigeuza kikatazama darini. Hebu fikirini! Dereva amegeuza kioo kwa adabu.

Tulitoka hapa asubuhi, tukashuka njiapanda ya Benaco, tukashika lami ya malori. Lukole tukaiacha nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, gari limepakwa tope jekundu mbele mpaka kwenye nembo, na sikujali kulifuta. Tukaingia lile pori la kuelekea Nyakahura. Wenye umri wangu mnalijua, zamani magari yalikuwa yanasindikizwa na askari humo kwa sababu ya majambazi. Mpaka leo mtu akiingia pale anakaza mguu bila kuambiwa. Nami nikaweka kruzi kwenye tisini, nikaondoa mguu. Na si kuuondoa tu. Niliukunja, nikaukalia, kama niko nyumbani kwenye kochi nasubiri chai.

Karibu na Nyakahura tukalikuta lori limeelemewa na mzigo, linakwenda hamsini, pengine chini ya hapo. Gari langu likapunguza lenyewe, likalifuata taratibu. Kwenye dashibodi kikatokea kipicha cha gari, maana yake limemwona wa mbele. Nikafurahi. Nikajisemea moyoni, mama mkwe leo ataona amepata mkwe wa aina gani.

Hapo ndipo aliposema. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Kabula, mwambie mwenzako apunguze. Wale ng'ombe kule mbele wanataka kuvuka. Yule wa kwanza ameshasikia harufu ya maji."

Mama yule amezaliwa na ng'ombe, amekua na ng'ombe. Alikuwa amewaona kupitia dirisha lake mbali kule, kulia kwa barabara, ng'ombe kama arobaini hivi na mzee mmoja anawafuata. Mimi nilikuwa natazama kisogo cha lori. Na Kabula, wapendwa, alikuwa amelala. Usiku mzima alinyonyesha. Alikuwa amelala fofofo, mtoto yuko mapajani.

Mama akarudia, "Kabula. Kabula, mwambie mwenzako."

Lori likawasha taa ya kushoto. Likaacha lami, likaingia kando kule wanakouza mahindi na ndizi. Barabara mbele yangu ikawa nyeupe. Kile kipicha kwenye dashibodi kikapotea. Na gari langu, ndugu zangu, likanguruma. Sikulikanyaga mimi! Liliikumbuka ile tisini niliyoliambia mwenyewe, likaanza kuitafuta. Hamsini. Sitini. Sabini. Tukayamaliza magenge, tukashuka kibonde, na kule chini lami yote ilikuwa pembe na migongo.

Nikasubiri gari lione. Mungu wangu, nilisubiri! Mtu mzima, nina akili zangu, nimeshika usukani, nasubiri mashine ifunge breki. Haikufunga. Nikashtuka nikautoa mguu wangu wa kulia nilioukalia, na mguu ulikuwa umekufa ganzi. Nauona, lakini siusikii. Naupeleka kwenye breki, unaangukia pembeni kama wa mtu mwingine. Nikaona macho ya ng'ombe wa kwanza. Nikamwona yule mzee ameinua fimbo yake juu, kana kwamba fimbo inazuia gari. Hata jina la Yesu halikutoka, nawaambia kweli tupu, halikutoka!

Ndipo nikasikia, "Festo! Festo! Kanyaga!"

Na mkono ukanikamata bega, kucha zikaingia kwenye nyama. Mama mkwe wangu. Alikuwa amenitaja jina. Alikuwa amenigusa. Sijui kitu gani kilinizindua, lakini mguu wa kushoto, ule usio na kazi katika gari la otomatiki, ulikwenda wenyewe ukatua kwenye breki kwa uzito wangu wote. Matairi yakalia. Gari likayumba, likasimama. Ng'ombe mmoja alikuwa amegusana na boneti, anahema, pumzi yake imetia ukungu kwenye kioo mbele ya uso wangu.

Kukawa kimya.

Wapendwa, kimya kile sitaki mtu yeyote hapa akisikie. Nilikuwa nasubiri mtoto alie na mtoto halii. Kabula akaamka akapapasa mapajani, hakuna mtu. Akapapasa kiti, hakuna mtu. Akaanza kuita, "Mwanangu yuko wapi? Mwanangu yuko wapi?" kwa sauti ndogo, ile ya mtu ambaye anaogopa kujibiwa. Mimi sikugeuka. Niliogopa kugeuka! Miaka tisa ikapita mbele yangu. Nikasema, Bwana, kama umemchukua, nichukue na mimi hapa hapa, nisiende kumweleza mtu.

Alikuwa chini, kati ya viti, amefunikwa na khanga ya bibi yake. Mama alikuwa amenishika mimi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amemkandamiza mtoto kwenye miguu yake asiruke. Aliteleza tu, hakurushwa. Walipofunua khanga alikuwa ametoa macho, anatushangaa. Halafu akakunja uso akalia. Haleluya! Nimesikia kwaya nyingi katika maisha yangu, lakini kilio kile kilikuwa kitamu kupita zote.

Tulimkimbiza kituo cha afya, wakampima, wakakuta uvimbe mdogo kwenye paji la uso, basi. Ng'ombe hakuna aliyeumia. Kabla hatujaondoka pale, yule mzee wa ng'ombe alinifuata dirishani. Nilidhani atanipiga. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, ulikuwa umelala?" Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa akaondoka na ng'ombe wake.

Niliporudi Ngara sikuweza kushika usukani kwa wiki nyingi. Nikisikia gari linanguruma nyuma yangu, jasho linanitoka. Baba yangu mdogo, ambaye ameendesha malori mpaka amestaafu, ndiye aliyenikalisha garini akanifundisha upya. Akanionyesha kifaa ambacho gari huonea, kiko nyuma ya nembo, tope lililokauka limekiziba nusu. Lakini akasema hata kingekuwa safi, nisingekitegemea. Kinatafuta gari linalotembea mbele. Ng'ombe, baiskeli, mtu wa miguu, hata lori lililosimama, kinaweza kisiwaone kabisa. Na lori likikupisha, kinarudi kwenye mwendo uliokiamuru wewe, hakijui kama mbele kuna soko au kuna msiba. Akanikatalia kukiwasha kwenye vijiji, kwenye kona, kwenye mvua, popote penye mifugo. Nikiwa kwenye lami iliyonyooka na tupu, sawa, lakini vijistari viwe vitatu, mwendo uwe ule ambao naweza kusimama mwenyewe, na mguu ukae chini karibu na breki, una hisia zake zote. Maana ukigusa breki tu, kruzi inazimika na gari linakuwa lako. Akaniambia, "Festo, hicho ni cha kukupumzisha mguu. Si cha kukupumzisha macho."

Sasa nifike kwenye lile linalonichoma.

Siku ile tulipofika Nyamigogo, mama alikaa nje peke yake, amejifunika, analia. Alikuwa anaona aibu kwamba amemtaja mkwe wake na kumshika. Jioni akamwita Kabula, akamwambia, "Muulize mwenzako, mara ya kwanza niliposema, hakunisikia?" Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale. Nikamjibu Kabula, "Mwambie mama, sikusikia."

Tangu siku hiyo mama anajilaumu. Kabula ananiambia, wakiwa peke yao mama anasema, ningepaza sauti mapema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mjukuu wangu angekufa kwa sababu ya sauti yangu ndogo. Miezi mitano anasema hivyo! Na mimi nakula, nalala, nauza sola, naimba kwaya.

Ndugu zangu, nilisikia. Mke wangu, unasikia leo kwa mara ya kwanza: nilisikia. Nilisikia mara zote mbili, wazi kabisa. Mara ya kwanza nilijiambia, maneno hayo hayajaletwa kwangu, Kabula atayavusha. Na ndani ya ile heshima kulikuwa na kiburi kimejificha. Nilijiambia, mama huyu wa ng'ombe atanifundisha nini, gari linaona.

Mama, najua uko pale nyuma karibu na mlango. Najua wewe unafuata mila za wazee wako na hapa kanisani umekuja kwa ajili ya mjukuu tu. Leo sisemi "mwambie mama". Nakwambia wewe, na wazee wenu wanitoze faini yoyote ya kuvunja mwiko. Mama, sauti yako haikuwa ndogo. Ilinifikia. Mimi ndiye niliyekataa. Mungu alikutumia kuokoa nyumba yangu, nami nikakubebesha dhambi yangu miezi mitano. Nisamehe, mama yangu.

Wapendwa, kama kuna mtu hapa ameonywa na mke, na mtoto, na mgeni, na mtu anayemdharau, na amesikia akajifanya hakusikia, asiende nayo nyumbani. Bwana ni mwema, anaokoa hata mjinga kama mimi. Mwamini, na yule aliyekuonya mwambie ukweli leo. Mchungaji, naomba uniwekee mikono. Anayekuja na aje, mimi natangulia kupiga magoti.