Bi Giza na Barua Isiyofutwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa chumba chetu cha leza anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Tunamwita Bi Giza, na jina hilo amelichuma mwenyewe. Hakuna kamera ya setilaiti iliyotoka hapa bila kupita mikononi mwake.

Kazi yake ni kuipima kamera kabla haijarushwa. Leza humulika ndani ya tufe jeupe lenye tundu, kamera hulitazama tundu hilo, naye hulinganisha inachosoma na mwanga halisi uliopo. Kamera ikidanganya hapa chini, huko juu itaona mahindi mabichi kuwa makavu. Ndiyo maana chumba huwa giza totoro wakati wa kupima, naye alikataza saa za kung'aa, simu na nguo nyeupe. Hata mumewe, alipomletea ufunguo wa nyumba, alivalishwa koti jeusi kwanza.

Sasa niseme lisilosemwa kwenye sherehe. Miaka sita iliyopita mkurugenzi aliingiza wageni chumbani kipimo kikiendelea, yeye mwenyewe kavaa shati jeupe pe. Bi Giza alimwomba kwa heshima zote asubiri nje. Akajibiwa kuwa fundi hampangii bosi pa kusimama. Mwanga ukadunda kwenye shati, namba zikapanda kwa asilimia tatu, na katika kazi hii asilimia tatu si mchezo. Bosi akataka ripoti isainiwe hivyo hivyo, maana kamera ilikuwa ikisubiriwa. Bi Giza akakataa, akapewa barua ya onyo kwa ukaidi.

Alipima upya siku nne, na ile asilimia tatu ikatoweka. Kamera ikarushwa kwa namba zake, bosi akapongezwa. Barua ya onyo imo kwenye faili la Bi Giza mpaka leo. Inakera, wala sioni haya kuliandika hilo kwenye kijitabu cha kumuaga.

Tena nakereka nasi wenyewe. Tulikuwa mafundi watano chumbani. Sote tuliliona shati, sote tukatazama viatu vyetu. Yeye hucheka tu, husema alishatusamehe, eti tulikuwa na watoto wa kusomesha. Kwani wake walisoma kwa hewa?

Bi Giza, asante kwa kila namba uliyokataa kuipindisha. Tunakuombea afya tele na mapumziko yenye furaha. Jana sisi watano tuliandika tulichokiona siku ile, tukasaini, tukapeleka utawala tukidai barua ifutwe. Tumechelewa miaka sita. Tuwie radhi.